Habari za Jicho

"Hakuna dharura," kioo kiliniambia kwa mara ya tatu asubuhi ile, kwa sauti ya upole ya mtu aliyelala vizuri na kunywa chai yenye maziwa. "Mgonjwa ana hali nzuri. Apimwe tena baada ya siku ishirini na moja. Ahsante kwa ushirikiano wako, Tabibu Leokadia."

Nilitamani kukipiga teke. Miaka kumi na sita natibu macho hapa Sikonge, sijawahi kumpiga mtu wala mbuzi, lakini kile kioo kilikuwa kinanitafuta. Nilijizuia kwa sababu kingine kingechukua miezi minne kufika, na kwa sababu Mama Nyamizi alikuwa bado ameegemeza kidevu pale kwenye kishikio, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri kupigwa picha ya kitambulisho.

"Tumemaliza, mwanangu?" aliuliza.

"Bado, Mama. Usiondoke."

Jina lake kamili ni Kalunde Mihayo, lakini wilaya nzima inamwita Mama Nyamizi kwa jina la bintiye wa kwanza. Anazalisha malkia wa nyuki. Tangu nyuki wa porini walipopungua, kila shamba la alizeti kuanzia hapa mpaka Ipole linasubiri mzinga wenye malkia wake. Kazi yenyewe ni hii: anachota buu la siku moja kutoka kwenye sega, kitu chembamba kuliko kucha ya mtoto mchanga, anakihamisha kwa kijiti mpaka kwenye kikombe cha nta bila kukigeuza. Ukikigeuza kinakufa. Anafanya hivyo mara mia kwa siku, kwa jicho moja. Jicho la kushoto lilizimika miaka minane iliyopita kwa moto wa jicho, ule ugonjwa unaowasha uvimbe ndani kwa ndani huku mtu akidhani ni vumbi. Alinunua dawa ya matone gulioni, wekundu ukaisha, naye akafurahi, kumbe dawa ile ile ilikuwa inapandisha presha ya jicho kimyakimya.

Safari hii ilikuwa zamu ya jicho la kulia. Kwenye picha niliona maji yamejaa nyuma, pale pale kwenye kiini cha kuonea. Unene wake haupaswi kuzidi mikroni mia tatu. Yeye alikuwa na mia nne na themanini. Presha ilikuwa ishirini na nne, juu kidogo ya mstari.

Dawa ilikuwepo. Hilo ndilo lililokuwa linanichoma. Ilikuwa ndani ya jicho lenyewe, imelala kwenye punje tuliyompandikiza miaka mitatu nyuma. Punje ni ndogo kuliko mbegu ya mchicha, na imebeba dawa ya uvimbe, ya jamii ile ile inayopandisha presha ikizidi, ya kumtosha mtu miaka mitano. Inanusa uvimbe, inampa Mlezi taarifa, na Mlezi akiridhika inafunguka na kutoa kiasi kinachotakiwa, si zaidi. Mlezi ni akili moja iliyoko Makao, Dodoma, inayotazama macho elfu kumi na moja ya Kanda ya Magharibi kupitia vioo kama hiki changu. Zamani nilikuwa na sindano na vichupa kwenye friji. Punje zilipokuja, friji lilichukuliwa. Hata kumpeleka mtu hospitali ya rufaa siku hizi kunahitaji namba ya Mlezi.

"Mlezi," nilisema, "maji umeyaona?"

"Nimeyaona. Katika kanda hii, maji ya kiasi hiki kwa mgonjwa asiye na malalamiko hukauka yenyewe katika visa themanini na nane kati ya mia. Kuongeza dawa kwa presha ya ishirini na nne kuna hatari kubwa kuliko faida. Mgonjwa ameulizwa leo saa mbili na dakika kumi. Amejibu kwamba hali ni nzuri."

Ni kweli alijibu hivyo. Nilikuwepo. Kioo kilimwambia, "Shikamoo, Mama. Habari za jicho leo?" naye akaitikia kama alivyofunzwa na mama yake, "Marahaba, mwanangu. Nzuri tu, tunamshukuru Mungu." Halafu akavuta pumzi ili aendelee. Lakini kioo kilikuwa kimeshasema ahsante.

*

Nilimtoa nje, tukakaa kwenye benchi la kibarazani. Alivuta kanga mpaka chini ya paji la uso, maana jua lilikuwa linamuumiza.

"Mama, nieleze. Unaonaje?"

"Ah, mwanangu." Akacheka kidogo. "Mbona ni mambo tu. Wiki ya tatu hii. Nikikutazama, uso wako una shimo hapa katikati. Masikio nayaona, pua siioni. Mlango wa ghala umepinda kama umelowa mvua. Juzi nilihamisha mabuu arobaini. Unajua wameshika wangapi?"

"Wangapi?"

"Wawili. Arobaini, Daktari! Mimi! Tangu nikiwa msichana sijawahi kuharibu hata kumi. Nimewageuza wote, nimewaua. Nyamizi akaniuliza, mama vipi, nikamwambia kijiti kibovu." Alishusha kanga kidogo zaidi. "Jicho hili likienda, mimi nimekwisha. Sitaki kukudanganya. Nitakaa ndani kama gunia."

Niliinuka kwenye benchi.

"Sasa mbona hukukiambia kioo?"

Akanigeukia, amenishangaa kabisa.

"Kiliniuliza habari, nikakijibu. Wewe ukimwamkia mtu, hata kwenye kiti hajakaa, anakumwagia maradhi yake? Si kukosa adabu huko? Kwanza unasema nzuri. Halafu mnakaa, anauliza watoto, anauliza shamba, ndipo unasema, nzuri, ila. Kile hakikaagi mpaka ufike kwenye *ila*."

Ukutani nyuma yetu kulikuwa na lile bango la wizara lililopauka, *Mficha maradhi kilio humuumbua*, na chini yake wagonjwa sita wamepanga foleni, kila mmoja akimwuliza mwenzake hali na kila mmoja akijibu salama. Mmoja alikuwa na kitambaa cha usaha jichoni. Salama!

Nilimshika mkono nikamrudisha ndani karibu mbiombio. "Mlezi, mgonjwa anataka kubadilisha jibu lake."

"Jibu la leo limepokelewa," kioo kilisema. "Jibu linalobadilishwa baada ya mazungumzo na mtumishi huhesabiwa kuwa jibu la kufundishwa. Limeandikwa, kwa uzito wa asilimia tano. Ahsante kwa ushirikiano wako."

"Kinasema nini?" Mama Nyamizi aliuliza.

"Kinasema mimi ni mwongo."

*

Nilimpigia Gwakisa. Yeye ndiye fundi wa Mlezi pale Makao, kijana wa Tukuyu tuliyesoma naye kozi ya punje. Uso wake ulitokea kwenye kioo cha mezani, una vivuli chini ya macho.

"Dada Leokadia, salama?"

"Salama, kaka Gwakisa. Huko?"

"Salama kabisa."

Tukaenda kwenye shida. Nikamweleza yote kwa pupa, buu, shimo la usoni, nzuri tu, *ila*. Alisikiliza bila kunikatiza. Halafu akajikuna shingo.

"Kuna njia ya dakika mbili," alisema. "Unaijua."

Nilikuwa naijua. Inaitwa mkono wa dharura. Unaapa kwamba kioo ni kibovu, unaandika vipimo mwenyewe, na Mlezi anafungua punje kwa kukuamini.

"Ila presha ya ishirini na nne hatafungua kwa mkono," Gwakisa aliendelea. "Itabidi uandike kumi na mbili."

"Niandike uongo."

"Uandike kumi na mbili. Kisha kesho kila punje ya kanda itakuwa imejifunza kwamba jicho la namna hiyo, lenye maji kiasi hicho, lilipewa dozi kubwa na presha haikusumbua. Unakumbuka kile kisa cha mwaka jana, cha yule tabibu wa kanda ya kusini? Alimwonea huruma shangazi yake. Shangazi akapona. Watu wanne ambao hajawahi kuwaona walipewa dozi ya shangazi. Wawili leo wanashikwa mkono kwenda msalani."

"Nakumbuka."

"Sikulazimishi. Mimi hapa siwezi kujua kama kioo chako ni kizima au kibovu. Nakwambia tu."

Kupitia dirishani nilimwona Mama Nyamizi amesimama kwenye kivuli, anajaribu kusoma bango. Alikuwa anageuza kichwa pembeni, kushoto, kulia, akiyatafuta maneno kwa ukingo wa jicho kama kuku anavyotazama punje ya mtama. Nilifikiri kwamba wale wengine siwajui, na huyu namjua. Sitajisifu. Kwa muda kama wa kunywa kikombe cha maji, nilikuwa nimeshaamua kuandika kumi na mbili.

"Kwani Mlezi amejifunzia wapi huu upuuzi," nilisema, nikiwa natafuta mtu wa kumlaumu kabla sijatenda, "kwamba watu wetu wakijaa maji machoni hawasikii kitu? Nani alimfundisha?"

Gwakisa alianza kubofya. "Uzito wa kanda, yaani kile anachoamini kuhusu watu wenu, unatokana na vitu viwili. Cha kwanza, majibu ya wagonjwa kila asubuhi. Asilimia tisini na sita nzuri. Lakini hayo peke yake asingeyaamini, amewekewa kinga. Anayalinganisha na taarifa ya kituo ya kila Ijumaa. Kama kituo kinasema kuna shida, majibu ya wagonjwa yanashushwa uzito." Akaacha kubofya. "Dada Leokadia."

"Nini?"

"Kituo chako kimeandika *shwari* kwa wiki mia moja na nne mfululizo."

Nilitaka kusema hapana. Kila Ijumaa saa tisa alasiri kisanduku kinatokea, *Hali ya kituo wiki hii?*, na mimi nikiwa nimechoka, mkoba begani, naandika neno hilo moja na kuzima taa. Mwanzoni niliwahi kuandika matatizo. Zilikuja fomu kumi na nne za kujaza. Baada ya hapo ikawa shwari. Hata sikuwa nahisi kwamba nimeandika kitu. Ilikuwa kama kumwitikia mtu njiani.

"Si wewe tu," Gwakisa alisema kwa sauti ya chini. "Vituo thelathini na nane vya kanda, vyote shwari. Na mimi ndiye ninayevipokea, sijawahi kuuliza. Hata leo umenisalimia, nikakujibu salama kabisa. Mwanangu wa pili amelazwa tangu juzi, dada. Mapafu."

"Gwakisa! Pole jamani. Mbona..."

"Uliniuliza habari, nikajibu."

Nikamwuliza kama kuna njia nyingine, na akanieleza polepole, kama mtu asiyependa kuwa yeye ndiye anayesema. Mtumishi anaweza kutoa tamko la kurekebisha taarifa zake. Analitoa mbele ya kioo, kwa sauti, tarehe kwa tarehe, pamoja na ushahidi ulioandikwa siku hizo hizo. Mlezi akiukubali, anapima upya uzito wa kanda nzima, kisha anarudi kwa mgonjwa aliye mbele yake. Lakini tamko halifutiki. Linakwenda kwenye baraza la leseni, na kila familia iliyotajwa inapelekewa barua.

"Ushahidi unao?"

Ninao. Kwenye droo nina kaunta buku nyeusi, kubwa, ya kurasa mia nne. Humo naandika yale watu wanayoniambia kwenye benchi, wakishafika kwenye *ila* yao. Niliianza ili nisisahau. Nilikuwa nasikia kila kitu, nakiandika vizuri kwa wino, nafunga droo, halafu namwandikia Mlezi shwari.

*

Nilipofungua ukurasa wa kwanza nilijua ni jina gani litakalokuja, na nani atakayelisikia.

"Mama," nilisema, "hii kazi ni ndefu. Kapumzike kibarazani, nitakuita."

"Nje jua linaniumiza, mwanangu. Nitakaa hapa hapa kimya. Sikusumbui."

Ningeweza kumtafutia chumba kingine. Kilikuwepo, kina ndoo na mafagio. Nilisimama na kaunta buku mkononi, nikimtazama, naye akinitabasamia mahali ambapo pua yangu ingekuwa. Nikaketi.

"Mlezi. Natoa tamko la kurekebisha taarifa za kituo."

"Nimekusikia, Tabibu Leokadia. Tamko hili halifutiki. Taja tarehe."

Nilianza. Ijumaa ya kwanza, mwalimu wa Tutuo, anaona vijidudu vinaelea, kioo alikiambia hajambo. Taarifa yangu: shwari. Ijumaa ya pili, binti wa miaka kumi na tisa, mboni imeganda upande mmoja, haipanuki, anasema taa zina pete. Shwari. Ya tatu. Ya nne. Sauti yangu ilikuwa inakauka na kioo kilikuwa kinasema *limepokelewa, limepokelewa*, kwa upole ule ule. Zilikuwa Ijumaa thelathini na moja zenye maneno ya watu ndani yake. Kufika ya kumi nilikuwa nimekasirika na kila kitu, na Mlezi, na fomu kumi na nne, na aliyetunga kisanduku kinachoridhika na neno moja, na mafundi waliokifundisha kioo shikamoo bila kukifundisha kukaa. Nilikuwa nasoma kwa ukali kana kwamba nasoma mashtaka ya mtu mwingine. Kisha nikageuza ukurasa.

"Ijumaa," nilisema, nikakwama.

"Taja tarehe," kioo kilisema.

"Ijumaa ya tarehe kumi na tatu Machi. Mzee Kapaya Mihayo. Anasema anaona kama ameweka kiganja mbele ya jicho. Anasema wiki ya pili sasa. Kwenye kioo alijibu safi. Maji mikroni mia nne na hamsini. Mlezi alisema asubiri. Taarifa ya kituo..."

Mama Nyamizi alikuwa ameinua kichwa. Kapaya ni kaka yake, aliyemfundisha kuchota buu. Maji yalikaa nyuma ya jicho lake, moja tu lililokuwa bado linaona, wiki tisa, mpaka kiini kikafa. Siku ndugu zake waliponiuliza nikawaambia kwamba ugonjwa ulikuwa umeshalila jicho, na kwamba hakuna ambaye angejua. Walinishukuru. Waliniletea asali, lita tano, na niliila.

"Soma tena hiyo," alisema.

Nikasoma tena.

"Na wewe uliandika nini siku ile?"

"Shwari."

"Alikwambia haoni, ukaandika shwari."

"Ndiyo, Mama."

Nilisubiri anitukane. Ningepokea. Aliitoa kanga kichwani, akaikunja mara mbili, akaiweka mapajani na kuinyoosha kwa kiganja mpaka ikalala sawasawa.

"Endelea," alisema. "Bado hujamaliza."

Nilimaliza saa nane na nusu. Ilikuwa imebaki Ijumaa kumi na saba baada ya ile, na zote nilizisoma nikiwa natazama karatasi tu.

Kioo kilikaa kimya muda mrefu kuliko nilivyowahi kukiona. Halafu kikasema, "Ushahidi umekubaliwa. Majibu ya asubuhi ya Kanda ya Magharibi yameshushwa uzito. Wagonjwa mia tatu na sita waliowekwa kwenye kusubiri wataitwa upya. Swali la asubuhi limeondolewa. Mgonjwa aliyepo akae mbele ya kioo."

Mama Nyamizi aliegemeza kidevu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

"Tangu wiki iliyopita, ni kazi gani uliyoshindwa kuifanya kwa sababu ya jicho?"

Alifungua mdomo, na nikaona mazoea yanamvuta, lile *nzuri* likiwa limeshafika kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza. Kisha akaeleza. Alieleza mabuu thelathini na nane aliyoyageuza, na mlango uliopinda, na uongo wa kijiti kibovu, na kwamba usiku anafumba jicho zima kwa mkono ili ajizoeze. Hili la mwisho hata mimi sikuwa nimelisikia. Kioo hakikumkatiza. Alipofika mwisho kilisubiri, na ilikuwa vizuri kilisubiri, kwa sababu alikuwa bado ana la kusema.

"Na ninaogopa," alisema.

"Limepokelewa. Dozi robo itatolewa sasa, na robo nyingine baada ya siku tatu. Tabibu ampe matone ya kushusha presha asubuhi na jioni. Presha ipimwe kila siku."

Sikuwa nimetarajia kwamba ingekuwa rahisi hivyo. Kwenye picha nilitazama punje ikifunguka, kitu kama moshi mwembamba ukienea kwenye maji ya jicho, na nikataka kulia kwa hasira kwa sababu ilichukua sekunde nne. Sekunde nne! Nilikuwa nimeketi juu ya sekunde hizo kwa miaka miwili.

Simu ilianza kulia. Alikuwa mwenzangu wa kituo cha Urambo. "Leokadia, mmefanya nini huko? Kioo changu kinaita watu kama mnadani! Foleni itafika barabarani!" Nikamwambia afungue milango. Baada yake Kaliua, baada yake Nzega. Nilipogeuka, kiti cha mbele ya kioo kilikuwa kitupu. Mama Nyamizi alikuwa amechukua matone yake mezani na kuondoka. Hakuniaga, mwanamke ambaye huaga mpaka paka wa kituo.

*

Kwa siku sita aliletwa na Nyamizi, akapimwa presha, akatazama ukuta, akaondoka. Barua ya baraza la leseni ilinifikia siku ya nne. Natakiwa Tabora mwezi ujao, kujieleza. Gwakisa aliniandikia kwamba mwanawe anapumua bila mashine, na kwamba usiku mmoja alikuwa na hali mbaya sana, na akaniandikia ubaya wote, kurasa tatu, bila kuulizwa.

Ijumaa alikuja peke yake, akitembea katikati ya njia bila kushikwa. Nilimpima mwenyewe. Mikroni mia tatu na arobaini. Presha kumi na tisa. Kiini kilikuwa bado hai, na kovu dogo pembeni ambalo halitaondoka.

Alipotoka kwenye kishikio alinitazama usoni, moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Sikujua niuweke wapi uso wangu.

"Shikamoo, Mama," nilisema.

Kioo kilipata marahaba yake. Mimi nilisubiri, na haikuja. Nje mtu alikuwa anakohoa kwenye foleni. Nilisimama na mikono yangu miwili nisijue ya nini, mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, nimenyimwa marahaba kama mtoto mwizi.

Nikajaribu tena, kwa sababu sikuwa na kingine. "Habari za nyumbani?"

"Mbaya," alisema Mama Nyamizi. "Jana Kapaya alisomewa barua ya tamko lako. Amekataa kula. Anauliza kama wewe ndiye yule yule aliyekula asali yetu." Alivuta kiti cha wagonjwa, akakaa, akanionyesha kile cha pili kwa kidole. "Kaa chini. Nitakueleza yote, mpaka mwisho, na leo utaandika kama nilivyosema."

Ilikuwa saa tisa alasiri, na kisanduku cha taarifa ya wiki kilikuwa kimeshatokea. Nilikivuta karibu, nikakaa, nikaanza kuandika.